Betri ya Mtumbwi wa Tanga Ikifa, Ununue Ipi?

Habari za Musoma mjini, Mwigobero, Makoko na Bweri. Habari za Majita, Bukima, Murangi na Busekera. Habari za Bunda, kuanzia Guta hadi Kibara na Kisorya pale kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Na ninyi wa Butiama, Kiabakari na Buhemba, najua wengi wenu ziwa mnaliona mkienda mjini, lakini betri mnazo majumbani, kwa hiyo msizime redio. Yatakayosemwa leo yanawahusu.

Leo nazungumza na wenye mitumbwi ya tanga. Betri yako imekufa. Umeichaji mchana kutwa, jioni taa imewaka vizuri, saa sita usiku imefifia, saa nane giza. Wenzako wanaendelea kuvuta dagaa, wewe umekaa unatazama taa zao. Asubuhi unamwambia tajiri wa mtumbwi, anatoa hela, unapanda gari kwenda mjini kununua betri nyingine. Swali langu la leo ni hilo tu: ununue ipi?

Maana wengi wetu tukifika dukani tunasema, "Nipe betri." Muuzaji anauliza, "Ya shilingi ngapi?" Biashara imeisha. Unarudi na betri, na miezi mitatu baadaye umerudi tena pale pale dukani. Unasema betri za siku hizi hazina maana. Kumbe mara nyingi betri haikuwa mbaya. Ilikuwa nzuri kabisa, kwa kazi nyingine.

Tuanze na tulikotoka. Wazee wanaonisikiliza wanakumbuka karabai. Dagaa wa ziwa letu walivuliwa kwa karabai miaka mingi, na gharama kubwa ya usiku ilikuwa mafuta ya taa, utambi na vioo vinavyopasuka mvua ikinyesha. Kisha zikaja taa za LED, zinazokula umeme kidogo sana. Kule Mbita, upande wa Kenya wa ziwa hili hili, kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua mwaka 2008 kituo cha sola ambako wavuvi walikodi taa na betri jioni na kuzirudisha asubuhi zichajiwe. Mradi ule waliuita Umeme kwa Wote. Wazo la kukodi badala ya kununua nalipenda mpaka leo, kwa sababu pale betri ikifa ni mzigo wa mwenye kituo. Lakini huku kwetu kila mtu alijinunulia betri yake mwenyewe, na kila mtu akawa fundi wake mwenyewe.

Sasa sikiliza hapa vizuri. Mtumbwi wa tanga hauna injini. Ukiwa hauna injini, hauna kitu cha kuchaji betri ukiwa ziwani. Gari linachaji betri yake likitembea. Meli inachaji. Hata boti kubwa yenye injini ya kuwasha kwa ufunguo inachaji. Mtumbwi wako unasukumwa na upepo, na upepo hauchaji kitu. Umeme wote utakaoutumia usiku lazima uwe umeshaujaza nchi kavu kabla hujapandisha tanga. Na wenzetu wenye injini ndogo za kuvuta kamba nao wako hali moja na wewe: injini ile inawaka kwa mkono, betri haiihitaji. Kwa hiyo kwenye mialo yetu karibu hakuna mtu mwenye sababu ya kununua betri ya kuwashia injini. Narudia: karibu hakuna mwenye sababu. Na hiyo ndiyo betri inayonunuliwa kuliko zote.

Betri ya gari imetengenezwa kwa nini? Kwa kuzungusha starta. Starta inataka umeme mwingi sana kwa sekunde chache, halafu basi, gari linawaka na betri inarudishiwa kile ilichotoa. Ndani yake kuna bamba za risasi, nyembamba na nyingi, ili umeme utoke wote kwa kishindo. Betri ya taa inatakiwa itoe umeme kidogo, usiku mzima, mpaka ifike karibu nusu, kesho ijazwe, kesho kutwa tena. Ndani yake bamba ni nene. Ninyi wafugaji wa Mara mtanielewa haraka: fahali wa kusukumana ana nguvu za ajabu kwa dakika mbili, lakini jembe la kukokota toka alfajiri hadi jua kali unamfunga maksai. Ukimfunga fahali yule jembe la kutwa nzima, unamuua.

Na betri ya gari ukiimaliza kila usiku unaiua vivyo hivyo. Bamba zile nyembamba zinamomonyoka, unga wake unaanguka chini, mwisho betri inapokea chaji lakini haitunzi. Betri ya starta ukiishusha mpaka chini kabisa itavumilia mara makumi machache tu. Betri ya bamba nene, ambayo madukani wanaiita betri ya sola, ukiishia nusu kila usiku inavumilia mamia ya mara. Sasa piga hesabu mwenyewe. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka anapumzika. Tuseme usiku 20 kwa mwezi. Makumi machache ni miezi miwili au mitatu. Mamia ni mwaka na nusu, miaka miwili na zaidi. Unaona sasa ile miezi mitatu inatoka wapi?

Utaniuliza, nitazijuaje dukani? Swali zuri, maana hapo ndipo pana ujanja mwingi.

Dukani utasikia N50, N70, N100, N200. Hizo namba zimetoka kwenye betri za magari za Kijapani. N70 kwa kawaida ni betri ya ampea-saa 70, N100 ni ampea-saa 100. Namba inakuambia ukubwa. Haikuambii bamba ni nene au nyembamba. Unaweza kukuta N100 iliyotengenezwa kwa lori, na juu yake pamebandikwa karatasi yenye picha ya jua. Picha ya jua haibadilishi bamba zilizomo ndani.

Halafu kuna hii ya betri kavu na betri ya maji. Watu wengi wanaamini betri kavu ndiyo ya sola na betri ya maji ndiyo ya gari. Hapana, msikilizaji. Betri kavu maana yake imefungwa, huongezi maji. Magari mengi mapya yanatoka na betri kavu, na ni za starta. Na kuna betri za maji za bamba nene ambazo ni nzuri sana kwa sola. Kukauka na unene wa bamba ni mambo mawili tofauti.

Basi uangalie nini? Geuza betri usome maandishi ya mtengenezaji, yale yaliyochapwa kwenye mwili wa betri. Ukikuta namba kubwa yenye herufi CCA, mia tatu, mia tano, mia sita, hiyo ni nguvu ya kuwasha injini baridi. Anayejivunia hiyo anakuuzia betri ya starta. Ukikuta ampea-saa imeandikwa pamoja na saa 20, au C20, na mtengenezaji akataja sola au matumizi ya kuishusha na kuijaza kila siku, hapo unaanza kuongea biashara.

Sasa ukubwa. Hapa naomba uchukue kalamu, au mwambie mtoto aandike. Hesabu si ngumu.

Chukua mtumbwi wenye taa 3, kila taa wati 10. Jumla wati 30. Zinawaka usiku kucha, tuseme saa 10. Mimi kwa mtumbwi wa tanga naongeza saa 2. Kwa nini? Kwa sababu upepo ukikatika hurudi kwa kufungua injini. Unakaa hapo hapo, au unashika kasia, na taa lazima iendelee kuwaka ili boti za injini zisikupitie juu. Kwa hiyo saa 12. Wati 30 mara saa 12 ni wati-saa 360. Gawa kwa volti 12 za betri, unapata ampea-saa 30. Hicho ndicho taa zako zitakachokula.

Je, ununue betri ya ampea-saa 30? Hapana. Betri ya risasi isishushwe chini ya nusu. Kwa hiyo mara mbili: ampea-saa 60. Dukani chukua ya 60 au 70 ya bamba nene, umemaliza. Narudia hesabu kwa aliyechelewa: wati za taa zote, mara saa, gawa kwa 12, halafu zidisha mara mbili.

Wengi wetu hatuweki betri moja kubwa mtumbwini. Kila taa inaelea kwenye boya lake na betri yake. Sawa, gawa kwa tatu: ampea-saa 20 kwa kila boya. Sasa niambieni, kwenye boya pale mmefunga nini? Betri ya bodaboda. Ile ndogo, volti 12, ampea-saa 7. Taa ya wati 10 inakula ampea-saa kama 0.8 kila saa. Ukiiwasha saa moja jioni, nusu ya betri imekwisha kabla ya saa tano na nusu usiku. Ikifika alfajiri, kama itafika, imekauka kabisa. Na kesho yake unaijaza na kuikausha tena. Betri ya bodaboda ni ya kuwasha bodaboda. Ukitaka kujua kwa nini kwenye mialo yetu betri ndogo zilizokufa zimelundikana nyuma ya vibanda, sababu ndiyo hiyo, sihitaji kutafuta nyingine.

Hapo kwenye kupitiwa na boti nikae kidogo. Kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana majini, za mwaka 1972, zinajua kwamba chombo kidogo cha tanga hakina umeme mwingi. Chombo cha tanga cha chini ya mita 7, kama hakiwezi kubeba taa kamili za rangi, kinatakiwa angalau kiwe na tochi au taa nyeupe tayari mkononi, ionyeshwe mapema kabla ya kugongwa. Angalau tochi! Kwa hiyo hata kama wewe ni mtu wa sangara na nyavu zako hazihitaji taa, usitoke usiku bila mwanga. Na tochi hiyo isitegemee betri ile ile ya taa za kuvulia. Iwe na betri yake.

Tupumue kidogo, halafu tuingie kwenye kile ambacho vijana wananiuliza kila siku. Lithiamu.

Betri ya risasi ni ya zamani sana. Mfaransa Gaston Planté aliitengeneza mwaka 1859, na mpaka leo tunayoibeba mabegani ni ile ile kwa asili yake. Hii ya lithiamu ni ya juzi. Inayofaa mtumbwini ni aina inayotumia chuma na fosfeti, imeandikwa LiFePO4, na ilitoka maabara ya John Goodenough kule Texas katika miaka ya 1990. Mzee yule alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kazi yake kwenye betri za lithiamu, akiwa na miaka 97. Kwa hiyo usikate tamaa ya maisha, babu unayenisikiliza.

Uzuri wake ni nini? Kwanza unaweza kutumia sehemu nane kati ya kumi za umeme wake bila kuiumiza. Kwa hiyo zile ampea-saa 30 tulizopiga hesabu zinahitaji betri ya lithiamu ya 40 tu, si 60. Kisha uzito. Betri ya risasi ya 60 au 70 inakaribia kilo 20, wakati lithiamu ya 40 ni kilo 5 au 6. Kwenye mtumbwi wa tanga kilo hizo zina maana, na mgongo wa kijana anayeibeba kutoka mwaloni hadi kibanda cha kuchaji nao una maana. Na inavumilia kujazwa na kushushwa mara 2,000 na zaidi. Kwa usiku 20 kwa mwezi hiyo ni zaidi ya miaka minane, kwenye karatasi. Ziwani tuseme pungufu, maana mtumbwi unapinduka, betri inaanguka, inaibiwa.

Ubaya wake? Bei, kila mtu anaijua. Lakini usilinganishe bei na bei. Chukua bei, gawa kwa usiku utakaoitumia. Kama ya lithiamu ni ghali mara tatu lakini inadumu mara nne, ya bei nafuu ndiyo iliyokula hela zaidi. Tatizo la kweli ni kwamba mvuvi hana hela ya mara tatu siku ile betri ilipokufa, na tajiri anataka mtumbwi uingie ziwani jioni hiyo hiyo. Hapo ndipo vikundi vya akiba na mikopo mwaloni vingefanya kazi ya maana kuliko kukopeshana hela za sherehe. Nimesema, na anayekasirika akasirike.

Tahadhari tatu za lithiamu. Ndani yake kuna kifaa kinachoilinda, na umeme ukikaribia kwisha kifaa kile kinakata papo hapo. Betri ya risasi inakufifilia, unaona, unajiandaa. Hii inazima kama mtu amebonyeza swichi, nawe uko katikati ya maji. Ndiyo maana nilisema tochi yenye betri yake. Pili, chaja. Usiichaji kwa chaja ya zamani ya betri za magari inayochemsha, wala kwa ile yenye kitufe cha kufufua betri mfu. Kontrola yako ya sola iwe na sehemu ya kuchagua lithiamu. Kama haina, usinunue lithiamu mpaka ubadilishe kontrola. Tatu, usidanganywe na masanduku yanayouzwa kama lithiamu kumbe ndani zimepangwa seli zilizotolewa kwenye kompyuta za zamani. Hizo si LiFePO4, na zikipata maji au zikigongwa zinaweza kuwaka moto. Moto kwenye mtumbwi wa mbao wenye nyavu, unakimbilia wapi?

Haya, uko dukani sasa, iwe Mukendo pale Musoma, iwe Bunda stendi. Umeshachagua aina, umeshapiga hesabu ya ukubwa. Kabla hujatoa hela, fanya hivi.

Inyanyue. Betri ya risasi ni risasi, na risasi ni nzito. Ya ampea-saa 100 ya bamba nene inakaribia kilo 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja huku unacheka, ndani mna hewa. Ukipata mzani wa duka la jirani, ipime, na upime ya kampuni nyingine ya ukubwa huo huo. Mzani hauna shemeji dukani.

Mwombe fundi aweke mita. Betri mpya ya risasi iliyokaa bila kuchajiwa muda huo huo isome volti 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 au chini, imekaa kwenye rafu muda mrefu na imeanza kuota ugonjwa ndani. Muuzaji atakwambia, "Ukiichaji itarudi." Itarudi, lakini si yote. Mwambie akupe nyingine. Kumbuka namba hizi tatu, zitakusaidia hata nyumbani: 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 umeiumiza. Pima ikiwa imepumzika saa chache, si ukiwa umetoka kuichaji. Kwa lithiamu namba hizi hazifanyi kazi, mita yake inasoma 13 na ushei karibu muda wote.

Tafuta tarehe ya kutengenezwa. Dai risiti ya EFD na garantii iliyoandikwa, yenye muhuri. Na uliza wazi, mbele ya mtu mwingine: "Garantii hii inahusu matumizi ya sola, au gari tu?" Wauzaji wengine ukirudi wanasema uliitumia vibaya. Mwulize mapema.

Umerudi mwaloni. Sasa mtumbwini uiweke wapi?

Iweke chini, katikati, na uifunge. Mtumbwi wa tanga unalala upande upepo ukikaza, hiyo ni kawaida yake. Betri isiyofungwa inateleza upande ule ule mtumbwi unaolalia, inaongeza uzito pale pale usipoutaka. Iinue juu ya maji ya ngama, hata kwa kipande cha ubao, na uitie kwenye kasha au ndoo iliyokatwa. Na kama ni betri ya maji, kila mtumbwi unapolala asidi kidogo inatoka kwenye vizibo. Inakwenda wapi? Kwenye nyavu. Nimeona wavu wa dagaa, wa nailoni, mpya, una matundu yaliyozungukwa na rangi ya kahawia, ukivuta kwa vidole uzi unakatika kama umeungua. Mwenye wavu analaumu panya. Asidi ya betri inakula nailoni, ndugu yangu. Kwa hiyo kwa mtumbwi unaolala, kama unanunua ya risasi, chukua iliyofungwa, ya bamba nene, hata kama ni ghali kidogo. Hapo ndipo ukavu una faida yake. Asidi ikimwagika, mwaga maji mengi, na magadi yale ya kupikia maharage yanaua makali yake. Ikiingia jichoni, maji safi, mengi, dakika nyingi, kisha hospitali.

Weka fyuzi karibu kabisa na kichwa cha chanya. Kwa zile taa 3, fyuzi ya ampea 5 inatosha. Ni kitu cha bei ndogo sana, na waya ukichunika juu ya msumari wa mtumbwi ndicho kitakachokuokoa.

Kuchaji. Betri ya risasi inataka kuchajiwa pole pole, ampea kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Ya 60 ichajiwe kwa ampea 6. Mwenye kibanda anayekuambia saa moja tayari anaichemsha, haijazi. Kama una paneli yako kambini, kwa hesabu yetu ya leo wati 120 ndiyo ya kuanzia, 150 inakupa usalama siku ya mawingu.

Na sasa jambo ambalo kama umesahau yote ya leo, hili ubaki nalo. Usiku wa mwisho kabla ya mbalamwezi. Mmevua, mmechoka, mnajua mnapumzika siku kadhaa. Betri inatupwa kibandani ikiwa tupu, watu wanakwenda nyumbani. Siku kumi baadaye inachukuliwa. Betri ya risasi ikikaa tupu, bamba zinaota chumvichumvi nyeupe ngumu, na chumvichumvi ile ikishakomaa haitoki. Mapumziko yale yanaua betri kuliko kazi. Ijaze siku ile ile ya kurudi, kabla hujalala. Mwezi ukiwaka, betri iwe imejaa. Wa Butiama, na ninyi mnaosafiri mkazima sola ya nyumba na kuondoka mwezi mzima, sheria ni hiyo hiyo.

Nimalizie na ile ya zamani, iliyokufa. Imelala pembeni, inaangaliwa na watoto. Najua mialoni watu wanaivunja, wanatoa risasi, wanaiyeyusha kwenye kopo juu ya mafiga ili wapate vizito vya nyavu. Naombeni tuliache hilo. Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu karibu na nyumba za watu. Sumu ya risasi iliingia kwenye damu za watoto. Mama mmoja aliyefanya kazi pale, Phyllis Omido, mwanawe akaugua, akaanza kupiga kelele, na kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama ya Kenya iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Na kule Senegal, Thiaroye-sur-Mer, mji wa wavuvi kama sisi, watoto 18 walikufa kati ya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008 kwa sababu ya vumbi la risasi ya betri. Moshi ule wa kopo juu ya mafiga una sumu hiyo hiyo, na mafiga yale ndiyo yanayopika ugali jioni.

Betri iliyokufa ina thamani ikiwa nzima. Ipeleke dukani siku unayonunua mpya, mwambie muuzaji akupunguzie bei. Wengi wanakubali, maana wanaiuza. Asidi usiimwage ziwani wala mwaloni, tunakunywa maji hayo.

Muda umeniishia, fundi mitambo ananionyesha mkono. Jumatano ijayo saa hizi tutazungumzia paneli na kontrola, kwa hiyo andikeni maswali yenu, na kila anayeuliza aandike wati za taa zake na saa anazoziwasha, la sivyo sitaweza kumjibu.